Nilivyotumwa Kilosa Kuchora Kiduha

Safari hii ilianzia kwenye bango. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa mchoraji katika ofisi moja ya Dar es Salaam iliyotengeneza mabango ya kuwaelimisha wananchi. Nilikuwa nimekwisha kuchora mbu, kupe, nzi na mlevi, na wote wanne walikuwa wamebandikwa kwenye kuta za nchi nzima. Sasa ilikuwa zamu ya kiduha. Kiduha ni gugu linaloota katika mahindi na mtama. Hung'ang'ania mizizi ya mimea hiyo na kuinyonya mpaka inanyauka huku mvua inanyesha. Ubaya wake mwingine ni kwamba lina ua zuri.

“Maadui wetu wote mpaka sasa wana sura mbaya,” mkuu wangu wa kazi aliniambia. “Huyu ni mzuri, na wananchi hawatatuamini. Nenda ukamwone kwa macho yako, umchore alivyo, kisha urudi. Wiki moja inakutosha.”

Mke wangu, Zaina, alisikia neno wiki akanifungashia mashati mawili.

Jioni ya kuondoka nilipata nafasi katika behewa la daraja la tatu, nikaketi karibu na mama mmoja aliyepakata kuku. Tulipokwisha kusalimiana aliniuliza ninakokwenda na shughuli iliyokuwa ikinipeleka. Nikamwambia naenda Kilosa kuchora ua.

“Ua la nani?”

“La porini tu, mama. Nimetumwa na serikali.”

Alinitazama, akamtazama kuku wake, akasema, “Basi kweli tumejitawala.” Hadi leo sijui kama ilikuwa sifa.

Asubuhi tulishuka Kilosa. Milima ilikuwa imefunikwa na ukungu, na mto Mkondoa ulikuwa umejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nje ya stesheni kina mama waliuza mihogo ya kuchemsha, na harufu ya mkonge ilikuja na upepo kutoka mashambani. Nilikwenda moja kwa moja kwa bwana shamba, kijana mwembamba aitwaye Kassim, ambaye alikuwa amepangiwa kunipeleka vijijini. Alinikaribisha vizuri, akafungua kabati na kutoa chupa iliyozibwa kwa kizibo. Ndani yake mlikuwa na kitu cheusi kilichokunjamana kama majani ya chai yaliyosahauliwa kwenye birika.

“Hiki hapa,” alisema kwa heshima.

“Ndicho kizuri hiki?”

“Kikikauka hugeuka cheusi. Kikiwa hai ua lake ni la waridi, na majani yake hukwaruza mkono. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa.”

“Wewe umewahi kukiona kikiwa hai?”

Kassim aliirudisha chupa kabatini taratibu. “Bado,” alisema. “Lakini nimekisoma sana.”

Nilimpenda tangu hapo, maana wengi niliokwisha kutumwa kwao hawakuwa wakikubali kusema “bado”.

Kesho yake tulipanda lori la kusini, barabara ya Mikumi, tukashushwa katika kijiji ambacho sitakitaja jina kwa kuwa watu wake bado wako hai na wana kumbukumbu. Kilikuwa kijiji kipya. Nyumba zilisimama katika mistari iliyonyooka kama wanafunzi kwenye gwaride, na wengi wa wenyeji wake walikuwa wameteremka kutoka milima ya Vidunda kuja kuishi pamoja. Mwenyekiti, Ndugu Simoni, alikuwa mtu wa sauti kubwa na moyo wa kazi. Alitupokea kwa hotuba ingawa tulikuwa wawili tu, kisha akanipangia kulala kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Yustina.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Wewe ndiye wa picha?”

“Ndiye mimi.”

“Huku chini kila kitu kina picha yake,” alisema, akanionyesha mkeka wangu. “Kule mlimani tulikuwa tunavitazama vyenyewe.”

Siku iliyofuata tulizunguka mashamba. Mahindi yalikuwa ya magotini na nyasi zilikuwa mbichi, na hapo, pembezoni mwa shamba na katikati ya mistari, tuliliona: mmea mwembamba, wima, wenye majani ya kukwaruza, na juu yake vijiua vya rangi ya waridi vimejipanga kwenye ncha. Kassim alipiga magoti kama mtu aliyeingia kanisani. Alipapasa majani, yakamkwaruza.

“Ndicho,” alisema.

Nilichora siku nzima. Sijisifu, lakini picha ile ilikuwa nzuri. Mtu angeweza kuichuma. Nilitoa nakala mbili. Moja Kassim aliondoka nayo kwenda Kilosa ili ifikishwe Dar es Salaam, na ya pili Ndugu Simoni aliibandika kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, akaandika juu yake kwa mkaa: HUYU HAPA. Jioni ile ile watu walianza kung'oa. Kuanzia hapo nilikuwa ninapitwa barabarani na wanawake wenye mafungu ya maua ya waridi vichwani, wakiyapeleka kuchomwa moto, nami nilijisikia kama mtu aliyelifanyia taifa jambo.

Nikafungasha mashati yangu. Kabla lori halijafika, Kassim alirudi na simu ya maandishi kutoka kwa mkuu wangu: PICHA NZURI. MBEGU HAZIONEKANI. SUBIRI MBEGU.

“Mbegu huchukua muda gani?” nilimwuliza.

“Mpaka ua life,” alisema Kassim.

Basi nikasubiri ua life. Kwa kuwa maua hayo yalikuwa yakiuawa kila mahali, yaliyobaki salama yalikuwa katika shamba la mtama la Mama Yustina, aliyekataa kuyang'oa. Niliweka alama mmea mmoja kwa utepe, nikawa ninauchora kila baada ya siku chache. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha tena. Na kila nilipourudia mmea wangu niliukuta umekuwa mwingine. Rangi ya waridi ilielekea zambarau. Majani ya chini yalinyauka na ya juu yakazidi kuwa membamba. Ncha iliyokuwa fupi ikarefuka, maua ya chini yakaanguka, ya juu yakafunguka, mpaka nilipoweka michoro yangu mitano mkekani, Mama Yustina aliinama akaniuliza, “Haya matano umeyatoa wapi?”

“Ni moja hilo hilo, mama.”

“Sasa wewe unayelichora kila siku hulifahamu. Mwenyekiti aliyeliona mara moja ndiye anayelijua?”

Nikaikusanya michoro yangu. Nilikuwa mgeni wa mwenyekiti pia.

Wakati huo jambo la ajabu lilikuwa likitokea katika shamba la pamoja, lile kubwa la kijiji kizima, ambalo watu walilipalilia kwa zamu. Humo adui alikuwa amekwisha kung'olewa mpaka wa mwisho. Hata hivyo, mahindi yalikuwa yanapata michirizi ya njano na kulegea, ingawa ardhi ilikuwa na maji. Mtama wa Mama Yustina, uliozungukwa na adui kila upande, ulikuwa mrefu kunizidi. Wazee wawili waliulizwa. Mmoja alisema adui amewahamisha watoto wake chini ya ardhi. Wa pili alisema kule Vidunda waliponya jambo kama hilo kwa majivu. Kisha wakabishana wao kwa wao, kwa kuwa wote wawili, kama ilivyojulikana baadaye, kule Vidunda hawakuwahi kukiona kiduha hata siku moja.

Ndugu Simoni alipata maelezo yake. Alisema gugu linatoka katika shamba la Mama Yustina, ambaye alipoteremka mlimani alikuja na mbegu yake mwenyewe ya mtama badala ya kutumia ya kijiji. Huko ndiko kiduha kilikojificha. Akatangaza kwamba mgeni rasmi kutoka wilayani angekuja kukagua, na mbele yake shamba lile lingefyekwa lote, mtama na maua.

Nilimkuta Mama Yustina jikoni. Alikuwa ameketi mbele ya moto bila chungu.

“Huo mtama ndio chakula cha mwaka,” alisema. “Wanangu wawili wako mbali, hawana habari. Nitakula nini, picha?”

“Mama, kwa nini basi usiyang'oe tu hayo maua yakaisha maneno?”

“Kwa sababu mwenyekiti alikuja kuniamuru amesimama na kofia kichwani. Hata shikamoo hakunipa. Mimi nimemzidi umri mama yake.”

Asubuhi yake niliomba lifti ya lori kwenda Mikumi. Niliwaambia watu naenda kutafuta karatasi. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwa mbali na kijiji, nifikiri. Mikumi wakati ule ilikuwa maduka machache kandokando ya barabara kuu na malori ya Zambia yakipita kwa ngurumo. Karatasi hazikupatikana. Askari mmoja wa wanyamapori, mtu wa makamo mwenye soksi ndefu, alikuwa anakwenda doria ndani ya hifadhi kwa gari, akanialika nikaone tembo kwa kuwa nilionekana mnyonge.

Tulitokea kwenye uwanda. Nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, milima ya buluu imeuzunguka kila upande, na humo katikati ya nyasi, mbali kadiri ya jicho, yalikuwa maua yangu. Adui wa taifa alikuwa amechanua maelfu kwa maelfu, na nyati walikuwa wamelala juu yake.

“Simama!” nilipiga kelele.

Askari alisimama, akachukua bunduki. “Simba?”

“Ua.”

Aliirudisha bunduki mahali pake. “Wageni hulipa waone tembo,” alisema. “Wewe ndiye wa kwanza ambaye tembo wanamzibia ua.”

Kweli, tembo watatu walikuwa wamesimama hapo. Nilimwomba tungoje wasogee. Tulingoja. Waliposogea nilishuka karibu na gari, nikachuma tawi moja, nikaligeuza geuza. Lilikuwa lile lile.

“Hapa pamewahi kulimwa mahindi?” nilimwuliza.

“Mahindi? Nani alime hapa, nyati?”

Nikakaa nalo mkononi njia nzima ya kurudi. Kassim alinifundisha kwamba kiduha hakiishi bila nafaka ya kunyonya. Hili lilikuwa linastawi mahali ambapo mahindi hayajawahi kukanyaga. Nililitazama tena kama mchoraji, sehemu kwa sehemu. Kishingo cha ua, pale ua linapochomoza kwenye kikombe chake cha kijani, kilikuwa kimenyooka kama mrija. Nilikuwa nimekichora mara tano hivyo hivyo bila kukifikiria.

Nilirudi kijijini mchana wa ukaguzi, nikakuta ngoma zinapigwa. Mgeni rasmi, bwana mmoja mrefu mwenye miwani, alikuwa amekwisha kuketi kwenye kiti chenye mto. Shingoni alikuwa amevishwa shada la maua mekundu, madogo, yanayowaka kama cheche. Kina mama walikuwa wameyachuma asubuhi katika shamba la pamoja, ambako yalikuwa yamejitokeza ghafla mara tu mahindi yalipotoa mbelewele. Mlango wa ofisi ulipambwa kwa hayo, na njia yote kutoka barabarani ilikuwa imetandazwa maua mekundu. Ndugu Simoni alikuwa anahutubia juu ya adui. Nyuma yake vijana walisimama na mafyekeo tayari, na Mama Yustina alikuwa amesimama peke yake upande wa pili, khanga yake nzuri imefungwa kifuani kama mtu anayekwenda misani.

Nilimtafuta Kassim, nikamvuta pembeni. Niliokota ua moja jekundu njiani nikaliweka kwenye kiganja changu kando ya lile la waridi. Lile la waridi shingo yake ilikuwa imenyooka. Hili jekundu shingo yake ilipanda kidogo kisha ikapinda kwa ghafla, kama goti la mtu aliyeketi.

“Kassim, ile ya chupani ilikuwaje hapa?”

Kassim alilitazama lile ua, kisha akanitazama mimi. “Ilikuwa imepinda,” alisema. “Nilidhani ilivunjika walipoishindilia chupani.”

Kisha kijana yule mwembamba, ambaye kazi yake ilimtegemea mgeni rasmi kwa kila kitu, alichukua jembe la mtu aliyekuwa karibu akapita mbele ya ngoma mpaka zikanyamaza.

“Ndugu mgeni rasmi, Ndugu mwenyekiti,” alisema, “naomba tuchimbe kabla ya kufyeka.”

Tulichimba mara mbili, watu wote wakitazama. Kwanza katika shamba la Mama Yustina. Kassim aliinua bonge la udongo, akaliosha kwa maji ya ndoo, na gugu la waridi likatoka peke yake, mizizi yake haijashikana na mtama. Kisha tukaenda wote, mgeni rasmi mbele, mpaka shamba la pamoja. Kassim alichimba palipokuwa na ua jekundu. Alipoosha udongo, gugu na hindi vilitoka pamoja. Vilikuwa vimeungana chini, mzizi ndani ya mzizi, kama watoto wanaonyonya. Alivuta, havikuachana.

“Hiki ndicho kiduha,” alisema Kassim. “Cha waridi tulichofundishwa kinaota kwingine; cha huku ni chekundu. Tulikuja mapema mno. Wakati ule kilikuwa bado chini ya ardhi kinafanya kazi yake. Tulimkamata aliyekuwa akionekana.”

Macho ya watu yalitoka kwenye udongo, yakapanda taratibu, yakatua kwenye shingo ya mgeni rasmi. Naye akashusha macho akajitazama kifuani. Aliinua shada kwa vidole viwili, akalivua juu ya miwani yake kwa uangalifu mkubwa, akatafuta mahali pa kuliweka, asipate. Mwisho alimkabidhi Ndugu Simoni.

“Mwenyekiti,” alisema, “lichome.”

Ninamsifu Ndugu Simoni kwa kilichofuata. Mtu mwingine angetafuta wa kumlaumu, na mimi nilikuwa karibu sana. Yeye alivua shati, akaingia shambani, akaanza kung'oa, na kijiji chote kikamfuata, na mgeni rasmi naye akakunja suruali. Tuling'oa siku ile na zilizofuata, kabla maua ya chini hayajapasua mbegu zake, ambazo Kassim alisema ni laini kama vumbi. Tulifagia na ile njia ya mapambo. Shamba la pamoja lilipoteza karibu nusu ya mahindi. Nusu nyingine ilipona.

Jioni ya kwanza Ndugu Simoni alifika kwa Mama Yustina. Alikaa mlangoni kwa muda, akavua kofia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu uji.”

Mambo yakaisha hapo; sikusikia neno jingine.

Asubuhi Mama Yustina aliniamsha mapema, akanipa jembe.

“Twende shambani, unisaidie kuyang'oa haya ya waridi.”

“Mama! Si yamekwisha kuonekana hayana kosa?”

“Hayana kosa, lakini yananikwaruza miguu tangu nilipopanda. Sikupata nafasi ya kuyang'oa kwa hiari yangu.”

Tukayang'oa yote, hata lile lenye utepe.

Mwisho wa masika mbegu za mimea michache niliyoianika zilikauka, nikamaliza michoro yangu na kuagana na watu. Mama Yustina alinipa mfuko wa mtama mpya. Kassim alinisindikiza mpaka stesheni ya Kilosa na michoro imefungwa kwenye ngozi ya mbuzi. Kiduha kilichokauka na ua lisilo na kosa lililokauka, vyote viwili vilikuwa vyeusi, na mtu asiyetazama shingo asingeweza kuvitenganisha. Kwa hiyo nilikuwa nimechora sura tatu za hiki na tatu za kile.

Dar es Salaam mkuu wangu alizitandaza zote sita mezani. “Nzuri,” alisema. “Chagua moja. Bango ni moja.”

Nilimweleza kwa nini moja haitoshi. Alisikiliza kwa subira ya mtu mwenye haraka. Mwisho tukapatana: ua moja kubwa, shingo yake imepinda, na pembeni yake dogo lenye shingo iliyonyooka. Akaiangalia rasimu akakunja uso.

“Huyu adui anainamisha shingo kwa adabu, na huyu asiye na kosa anaisimamisha. Watu hawatasema tuna maana nyingine?”

“Ndivyo maua yalivyo, mzee.”

“Mh,” alisema, akaweka sahihi.

Nilifika nyumbani nikiwa mweusi kwa jua, nimekonda, tena nina ndevu ambazo sikuwahi kuwa nazo. Zaina alikuwa barazani anachambua mchele. Binti yetu, niliyemwacha akitambaa, alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili ameshika ukuta. Nilimwita jina lake, nikamnyooshea mikono. Aliniangalia tangu juu hadi chini, akapiga ukelele, akakimbia, nami kwa mara ya kwanza nikamwona akikimbia, kwenda kujificha nyuma ya mama yake.

“Mimi ni baba yako!” nilimwambia.

“Usimlazimishe,” alisema Zaina. “Wewe ungemjua, kama ungemkuta njiani?”

Nilitaka kusema ndiyo. Nikaketi mkekani, mbali kidogo, nikauweka mfuko wa mtama chini, nikamwacha anitazame mpaka achoke.